Bango Linauza Kiingereza, Sisi Tunanunua Saa: Tathmini ya Kituo cha Kulelea Watoto Mjini Geita

Kwa miezi 14 sasa binti yetu, aliyetimiza miaka mitatu na nusu mwezi uliopita, anashinda katika kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana kilichopo upande wa mji wa Geita unaoelekea mgodini. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema hayapendezi na wenye kituo ni majirani ninaoamkiana nao karibu kila siku. Hata hivyo, mzazi wa Kahama, wa Nyamongo au wa Mirerani huenda akadhani ninakisema kituo cha mtaani kwake, maana vituo vya miji ya migodi hufanana mno kwa namna vinavyojitangaza. Nitaizungumzia huduma yenyewe na nitalizungumzia pia tangazo lake, kwa kuwa nimegundua kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Nianze na sababu iliyotupeleka huko. Mume wangu anaendesha lori kubwa la kubebea mawe katika kampuni yenye mkataba mgodini, na mimi ni muuguzi. Wote wawili tunafanya kazi kwa zamu. Yeye ni mtu wa Singida, mimi ni wa Muheza, na bibi wa mtoto aliye karibu zaidi yuko mwendo wa kutwa kwa basi. Familia za namna hiyo ni nyingi hapa. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa mitambo katika miaka ya 1930, mgodi wa wakati huo ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa, ambao kila mtu huuita GGM, ukafunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa makao makuu ya mkoa mpya, na watu wakazidi kumiminika. Kule Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940 uliwajengea wafanyakazi nyumba, shule na hospitali ndani ya uzio. Hapa kwetu wafanyakazi wengi wamepanga Nyankumbu, Kalangalala na Bombambili, wamechanganyika na wauza duka, walimu na wachimbaji wadogo, kwa hiyo malezi ya mtoto nayo hununuliwa mtaani kama sukari. Anayeuza hulazimika kupiga kelele ili asikike.

Kituo hiki kinapiga kelele kwelikweli. Kina bango kubwa barabarani, kina vipeperushi ambavyo kijana hugawa jioni mahali mabasi ya wafanyakazi yanaposhushia watu, na siku chache baada ya mishahara kutoka hukodi gari la matangazo lenye spika mbili linalozunguka mitaani likiwasihi wazazi wawahi nafasi. Bango limeandikwa maneno matatu kwa herufi za dhahabu: Kiingereza, kompyuta na nidhamu. Chini yake kuna picha ya watoto wanne wa Kizungu wanaokula stroberi, ambazo sijawahi kuziona katika soko lolote la Geita. Kipeperushi kinaongeza mahafali ya kila mwaka, na hapo kuna picha za kweli za watoto wa kituo wakiwa wamevaa majoho na kofia bapa, mmoja wao amelala usingizi akiwa ndani ya joho lake. Ninampenda sana yule mtoto, na kwa maoni yangu yeye ndiye sehemu pekee ya kipeperushi inayosema ukweli mtupu kuhusu umri wa wanafunzi wenyewe.

Tangazo hilo halikutuvuta hata kidogo. Wakati huo mtoto wetu alikuwa na miaka miwili na miezi minne, hata Kiswahili chenyewe alikuwa anakitafuta, na tulichokuwa tunahitaji ni mtu wa kumpokea kabla ya saa 1 asubuhi. Msichana wa kazi tuliyekuwa naye alikuwa ameondoka ghafla, wa tatu katika mwaka mmoja, na sikumlaumu, kwa sababu katika mji wa dhahabu binti wa miaka 19 hupata haraka mahali panapolipa zaidi ya jikoni kwangu. Kwa wiki tatu tuliishi kwa kubahatisha: mume wangu akitoka zamu ya usiku ananipokea mtoto mlangoni, mimi ninakimbilia kazini, naye anajaribu kulala huku mtoto akimpanda kifuani. Mtu anayeendesha gari la mamia ya tani hapaswi kulala namna hiyo.

Kituo nilikigundua kwa bahati. Nilikuwa ninatoka zamu ya usiku, nimekaa nyuma ya bodaboda, saa 12 kasoro asubuhi, nikaona taa inawaka nyuma ya lile bango na nikasikia harufu ya uji. Nilimwambia kijana asimame. Getini alitoka mama wa makamo mwenye mwiko mkononi; nikamwamkia, naye kabla sijauliza lolote akaniambia, “Marahaba mwanangu. Kama una mtoto mlete, hapa tunafungua saa 11.” Ndiye mlezi mkuu, anaishi katika nyumba iliyo ndani ya uzio uleule, na kwa kuwa mabasi ya wafanyakazi hupita alfajiri yeye huwasha moto mapema ili wazazi wawaache watoto wakiwa njiani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kituo kina kitu ambacho nusu ya mji inakitafuta, lakini hakuna mahali walipokiandika, si barabarani, si kwenye kipeperushi, wala kwenye spika za gari.

Nimewauliza wenye kituo sababu ya kunyamazia saa hizo, na jibu lao lilinishangaza. Walisema kwamba mzazi mwenye kipato huona kituo kinachopokea watoto alfajiri kuwa kituo cha watu wenye shida, na kwamba Kiingereza ndicho kinachompa mzazi sababu ya kulipa bila kuona aibu. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Huenda ni kweli kwamba baba anayeulizwa na wenzake ndani ya basi mtoto wake yuko wapi hupenda kujibu kwamba yuko inglishi midiamu kuliko kusema kwamba amemwacha kwa mama fulani anayeamka mapema. Lakini ninaamini kituo kimekosea hesabu: Kiingereza kimeandikwa kwenye kila bango la barabara ile, na mzazi mwenye zamu hana namna ya kutofautisha bango moja na jingine, ilhali saa 11 alfajiri ingewatenga na washindani wao wote kwa maneno matatu.

Sasa nieleze huduma ilivyo. Nilipokwenda kukagua kwa mara ya kwanza niliomba kuona cheti cha usajili, kwa sababu kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kituo cha kulelea watoto mchana hakitakiwi kuendeshwa bila kusajiliwa, na maofisa ustawi wa jamii ndio wenye kazi ya kuvikagua. Cheti kilikuwepo, lakini kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi ambao hukaa wazi mchana kutwa, hivyo hakuna anayekiona mpaka mlango ufungwe. Ninawasihi wazazi wote waulize swali hilo bila haya, kwa sababu nilikotembelea kabla ya hapo nilijibiwa kwamba cheti kiko Mwanza kinapigwa lamineti.

Walezi ni watano na siku nilizohesabu watoto walikuwa kati ya 38 na 44, idadi ambayo kwa watoto wa miaka minne inavumilika, lakini kwa wa miaka miwili naona ni kubwa. Asubuhi na mapema, kabla ya saa 1, mlezi mkuu huwa peke yake na watoto saba au wanane, wengi wao wakiwa wamelala tena kwenye mikeka chini ya vyandarua. Vyandarua hivyo vinashuka vizuri na havijatoboka. Katika mkoa wenye malaria kama wetu nilivikagua kimoja kimoja, na mlezi mkuu hakukasirika. Vyoo ni vya kimo cha watoto. Uzio ni wa matofali, na geti lina mlinzi ambaye huandika jina la kila anayemchukua mtoto. Siku moja alimzuia mdogo wangu aliyekuja kutoka Tanga, akampigia mume wangu simu kwanza, na ingawa mdogo wangu alinung'unika hadi usiku, mimi nilifurahi.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote liko hapohapo getini, nalo pia halimo kwenye tangazo. Kuna ndoo yenye bomba, sabuni na beseni, na mzazi hawezi kumshika mtoto kabla ya kunawa. Aliyetoka kazini na ovaroli huombwa kuivua au kusubiri mtoto aletwe na kushikwa mkono badala ya kubebwa. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe. Kumbe mlezi mkuu aliishi miaka mingi Nyarugusu, kwenye machimbo madogo, ambako dhahabu hukamatwa kwa zebaki na kisha zebaki kuchomwa juu ya moto, mara nyingi jirani kabisa na mahali watu wanapopikia na kulala. Mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto mdogo huumia upesi kuliko mtu mzima; vumbi la karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na mabaki ya zebaki hufika nyumbani yakiwa yameshika nguo na mikono. Mama huyu hakusomea kemia, lakini anajua kwamba mkono wa baba si lazima uwe safi kwa sababu tu ni mkono wa baba. Ningekuwa mwenye kituo, ningeitoa ile picha ya stroberi na kuweka picha ya ile ndoo.

Chakula kwenye kipeperushi kinaitwa lishe ya kimataifa. Chakula chenyewe ni uji wa mahindi, soya na karanga saa 3 asubuhi, mchana ni wali na maharage au ugali na dagaa wa Ziwa Victoria pamoja na mchicha, na saa 10 jioni ni chai na michembe iliyopikwa, yaani vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Wasukuma hutunza kwa ajili ya kiangazi. Binti yetu, ambaye damu yake ni ya Singida na Muheza, sasa anadai michembe nyumbani kama mtoto wa Kisukuma, na mama mkwe wangu bado hajaamua kama hilo ni jambo la kuchekesha au la kusikitisha. Sijui kwa nini mtu mwenye chakula kizuri kama hicho anaona haya kukitaja kwa jina lake.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, mtoto anaimba nyimbo nne bila kuelewa maneno, na anahesabu hadi kumi akiruka saba. Sina ugomvi na nyimbo. Kompyuta ni moja, iko ofisini, na katika miezi 14 sijaona mtoto ameketi mbele yake. Lakini nimeona walezi wakikaa chini sakafuni na kuwasimulia watoto hadithi kwa Kiswahili, wakiwauliza sungura alifanya nini, wakisubiri jibu, na wakiliendeleza jibu hata linapokuwa la ajabu. Serikali ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na katika mambo matano inayoyasisitiza, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi, limo hili la malezi yenye mwitikio, yaani mtu mzima kusikiliza na kujibu anachoanzisha mtoto. Kituo hiki kinalitenda kila siku, lakini kinachotangazwa ni ile kompyuta.

Nikija kwenye kasoro, ya kwanza ni jioni. Kipeperushi kinasema kwamba kituo kinawajali wazazi wenye zamu, lakini mwisho wa kumchukua mtoto ni saa 11:30 jioni, na kila nusu saa inayozidi hutozwa shilingi 3,000. Zamu ya mchana ya mume wangu inaisha saa 12 jioni, na hadi basi lifike mjini huwa ni karibu saa 1 usiku. Ninapokuwa kwenye zamu ya jioni, faini hiyo hugeuka kuwa ada ya pili. Nimewaambia kwamba mteja wao halisi anafanya kazi saa 12 kwa siku na kwamba mlango uliofunguliwa mapema kiasi kile una faida nusu tu ukifungwa kabla ya basi kurudi. Walikubali kwa maneno, na faini ikabaki palepale. Usiku hawapokei mtoto kabisa, na hilo siwalaumu, kwa kuwa kulaza watoto wa watu ni kazi nyingine yenye hatari zake.

Ya pili ni usafiri, ambao tangazo linauita salama. Gari ni Noah moja, na siku niliyosimama kuhesabu walishuka watoto 17. Tangu siku hiyo tunampeleka wenyewe, na hatukurudishiwa hata senti ya pesa ya usafiri tuliyokuwa tumelipia muhula mzima.

Ya tatu inahusu neno “watoto wote” lililopo kwenye bango. Kituo kinapokea kuanzia miaka miwili. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84, na mama akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ambazo zina maana tu ikiwa mtoto yuko karibu. Kati ya siku ya 84 na miaka miwili kuna shimo refu ambalo mama wa mji huu hulivuka kwa msichana wa kazi, kwa jirani, au kwa kuacha kazi. Sikudai kituo kiwapokee wachanga kama hakina uwezo, lakini neno “wote” lifutwe, maana nimemwona mama akiwa na mtoto wa miezi minne mgongoni akisoma bango lile kwa tabasamu, kisha akatoka getini bila tabasamu hilo.

Ada ni shilingi 110,000 kwa mwezi pamoja na chakula, lakini hulipwa kwa muhula, mwanzoni. Kwa mwajiriwa wa mshahara jambo hilo ni gumu ila linawezekana. Kwa mama lishe wa Mgusu, au kwa mwanamke anayeponda mawe na kulipwa mzigo ukitoka, haliwezekani, kwa sababu pesa ya machimbo huja kwa fungu na haina tarehe. Wanawake hao huwaacha watoto kwa bibi fulani asiye na bango wala cheti, anayepokea pesa ya siku hiyohiyo, au huenda nao hadi kwenye karasha, ambako vumbi na zebaki vinawasubiri. Mlezi mkuu aliwahi kupendekeza malipo ya wiki kwa familia kumi, akakataliwa kwa hoja kwamba yatashusha hadhi ya kituo. Hadhi hiyo, kama ninavyoielewa, ndiyo ile ya majoho.

Nitaje pia jambo dogo la ardhi tunayoishi. Tangazo linaahidi mazingira tulivu, na siku nyingi ni kweli, lakini siku za kulipua miamba madirisha hutikisika. Walezi wamegeuza mlipuko kuwa mchezo: mmoja anapaza sauti, “Mgodi umepiga chafya!” na watoto wote huitikia kwamba upone haraka. Binti yetu sasa husema hivyohivyo nyumbani hata kwa radi.

Tumeamua kuendelea naye hapo hadi afikie umri wa darasa la awali. Namshauri mzazi anayetafuta kituo katika mji kama huu asisome bango. Aende mwenyewe saa 12 asubuhi, atazame ni nani aliye macho, aombe cheti, ahesabu vichwa kwenye gari, na asilipe usafiri wa muhula mzima kwa mara moja. Anayekusudia kufungua kituo chake namshauri asimame jioni pale mabasi yanaposhushia watu, asikilize wazazi wanapigia simu nani na wanaomba nini, kisha aandike jibu la maombi hayo kwenye ubao wake. Kahama walijifunza kwa uchungu mgodi wa Buzwagi ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021: familia za mgodini huhama, na kituo kinachowategemea wenye ovaroli peke yao huhama nao.

Mwezi uliopita niliwaandikia wenye kituo barua ya ukurasa mmoja, nikapendekeza bango jipya lenye mambo matatu: tunafungua saa 11 alfajiri, mzazi hunawa kwanza, cheti kiko ukutani. Walinishukuru kwa adabu. Jumamosi iliyopita nilimkuta fundi wa rangi juu ya ngazi, moyo ukanienda mbio, nikasimama kusubiri amalize. Chini ya Kiingereza, kompyuta na nidhamu alikuwa ameongeza kwa herufi zilezile za dhahabu: Kifaransa.